Shahidi wa masikio

Leo mwenzenu naomba kuungama.

Kuna wakati ligi ikisimama kurasa za michezo zinabaki wazi kama uwanja wa shule mwezi Desemba, na mhariri anaanza kutafuta cha kujazia. Safari hii akasema tuandike wanamichezo bora wa Tanzania wa wakati wote, namba moja mpaka kumi. Kazi nikatupiwa mimi, kwa kuwa ndiye mdogo wa dawati na makala za namna hiyo huleta matusi. Nikaandika. Nilipofika kwa Peter Tino na goli lake la Ndola mwaka 1979, lile lililotupa sare ya 1-1 na Zambia na kutupeleka kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Nigeria, nikamnukuu mzee mmoja ambaye nilisema "alishuhudia kwa macho yake". Jina sikuweka. Mzee huyo ni baba yangu mzazi.

Sasa subirini kidogo, maana bila kuwaeleza habari za baba na hizi orodha mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Mpanda. Si mtu wa maneno mengi. Nikimpigia simu tunamaliza salamu, mvua, bei ya mahindi, halafu kimya. Kitu kimoja tu ndicho kinamfungua mdomo: "Nipe tano zako." Hapo ujue ubishi umeanza. Tano zangu za mpira, tano za riadha, tano za majina ya utani, tano za watangazaji. Tumeanza mchezo huu nikiwa darasa la nne, na nilipokuwa chuo, pale wenzangu wanapigiwa simu na baba zao kuulizwa GPA, mimi nilikuwa naulizwa kwa nini nimemshusha Zamoyoni Mogella.

Kwenye majina ya utani hatugombani sana. Namba moja yetu sote ni Sunday Manara, "Computer". Fikiria mtu anaitwa Computer miaka ya sabini, katika nchi ambayo mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta! Nani jukwaani alikuwa amewahi kuiona? Lakini kila mtu alielewa kwamba huyu jamaa anapiga hesabu kichwani kabla mpira haujamfikia. Mwenyewe akaenda kucheza Uholanzi, Heracles, wakati sisi tukiwa bado tunasubiri hicho chombo kiruhusiwe. Namba mbili naweka "Fuso", Shadrack Nsajigwa wa Yanga. Hilo halihitaji maelezo, kama umewahi kukutana na Fuso kwenye barabara nyembamba unajua nani hupisha. Namba tatu "Mmachinga", Mohamed Hussein, straika wa Yanga wa miaka ya tisini. Halafu akaja Mohamed Hussein mwingine, aliyekuwa beki wa kushoto wa Simba, naye ikabidi apewe "Tshabalala" ili tusichanganye mafaili. Jina la utani kwetu mara nyingine ni kitambulisho cha taifa kilichotangulia.

Mimi sipendi majina ya kuazima. Nadir Haroub alikuwa beki wa maana kabisa, nahodha, kwa nini aitwe "Cannavaro"? Kelvin Yondani akawa "Vidic". Nikamwambia baba kwamba kizazi chenu kilibuni, chetu kinanakili kutoka kwenye TV. Akanijibu polepole, "Juma Pondamali aliitwa Mensah. Hilo nalo ni jina la Mpanda?" Nikanyamaza.

Ugomvi wetu ni kwenye wanamichezo wenyewe.

Namba moja yangu ni Filbert Bayi, na sitaki mjadala. Februari 2, 1974, Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Jamaa alitoka mbele tangu mlio wa bastola akawaacha wote, wakati mtindo ulikuwa ni kujificha nyuma ya mwenzako usubiri mzunguko wa mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyekuwa wa pili, mbele ya watu wa kwao New Zealand, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun na bado hakupata dhahabu. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili, Kingston, Jamaika, 3:51.0. Halafu 1976 Afrika ikasusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda Afrika Kusini ya makaburu, tukiwemo sisi. Walker akashinda dhahabu bila Bayi. Tulikuwa sahihi kususia, na bado inaniuma, mambo yote mawili yanakaa kichwani mwangu bila kupigana. Bayi alipata medali yake ya Olimpiki Moscow 1980, fedha ya kuruka viunzi na maji, mita 3000.

Namba mbili nilikuwa nimemweka Juma Ikangaa kwa miaka mingi. Alishinda New York Marathon 1989, lakini mimi nampendea Boston: 1988 wa pili, 1989 wa pili, 1990 wa pili. Ile ya 1988 alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Kilomita 42 na ushee, sekunde moja! Nilikuwa nasema hiyo ndiyo historia ya michezo ya Tanzania kwa kifupi. Ikabidi nifute kauli Septemba 15, 2025, pale Alphonce Simbu alipomtoa Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kabisa, Tokyo, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, tofauti ya mia tatu za sekunde. Samahani, mia tatu si sahihi: sehemu tatu za mia ya sekunde. Unaona ninavyochanganyikiwa hata sasa. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nilikuwa ofisini, nikapiga meza mpaka chai ya jirani ikamwagika.

Simbu hana jina la utani. Ikangaa pia sikumbuki akiitwa kitu kingine. Wacheza mpira wana majina kwa sababu kuna mtu kila wiki anayewatangaza na anahitaji kitu cha kupaza sauti. Mkimbiaji anatangazwa mara moja, akishinda, kwenye taarifa ya habari, kati ya pembejeo na ajali ya basi.

Baba hakubali kabisa kwamba Bayi awe namba moja. Kwake namba moja ni Manara, mbili Bayi, tatu Abdallah Kibadeni "King", kwa zile tatu peke yake Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977. (Baba ni Yanga. Kumweka Kibadeni wa tatu ni ukomavu ambao mimi sina. Ile 5-1 ya Novemba 2023 hatuitaji nyumbani kwangu.) Mbwana Samatta hamtaki hata kwenye tano bora. Nikamtajia: mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, 2015, ubingwa wa Ubelgiji na Genk, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, goli Wembley, Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Baba akasema:

"Samatta nimemwona kwenye TV. Ukimwona mtu unaona na makosa yake."

Hapo ndipo nikauliza, kwa utani tu, "Kwani Manara ulimwona wapi, baba?"

"Nimwone wapi? Uwanja wa Taifa nimeuona kwa nje, nikiwa kwenye daladala, nilipokuja kukuleta chuo."

Nikacheka. Kisha kicheko kikaanza kukauka. "Na Ndola je?"

"Ndola nikafanye nini mimi? Nilikuwa na miaka ishirini, hata nauli ya Tabora sina."

Jamani. Utotoni mwangu mwote baba amenisimulia goli la Tino akiwa amesimama katikati ya sebule. Mpira umetoka wapi, umepita kwa nani, beki wa Zambia ameanguka upande gani. Anageuka, anapiga kwa mguu, kiti kinaenda. Mtu akisimulia hivyo unamuuliza tiketi? Mimi nilijua alikuwepo kama ninavyojua jina langu. Kumbe alikuwa Mpanda, na vijana wengine kama kumi na tano, wamezunguka redio moja ya National iliyowekwa dirishani, betri zimetoka kuanikwa juani ili zipate nguvu ya dakika tisini. Mmoja kazi yake ilikuwa kushika waya wa antena uliofungwa kwenye mwembe. Baba alichora uwanja nyuma ya daftari, akawa anasogeza kokoto kufuata sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam.

"Lakini baba, makala uliisoma. Niliandika ulishuhudia."

"Niliisoma. Nilidhani ndivyo mnavyoandika siku hizi."

Hiyo ilinichoma kuliko tusi lolote. Hakuwa ananikejeli. Alidhani kweli kwamba ndiyo kazi yetu ilivyo, mtu anasikia kitu redioni na gazeti linamfanya shahidi. Kesho yake nikamfuata mhariri nikamwambia tuweke masahihisho. Akaniangalia kama nimemwomba mkopo. Mambo ya mwaka 1979, akasema, nani atapiga simu? Akarudi kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo masahihisho ndiyo haya mnayosoma: mzee niliyemnukuu hakuwepo Ndola, kosa ni langu, sikuuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uandishi angeuliza.

Baada ya hapo orodha ya watangazaji ikawa na uzito mwingine kwangu. Zamani niliiona kama nyongeza ya kumalizia soga. Yangu ilikuwa inaanza na Charles Hilary, kwa sauti ile na kwa jinsi alivyopita kila mahali, RTD, Radio One, Ujerumani, BBC, Azam, hadi alipofariki Mei 2025. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya nilimweka wa pili, naye tumempoteza mwaka huo huo, Februari. Namba moja ya baba siku zote ni Ahmed Jongo wa RTD, na nilikuwa nikimkatalia kwamba mimi simwelewi huyo, sijamsikia akitangaza hata mechi moja nzima. Sasa naona kwamba Manara wa baba na Kibadeni wa baba wametengenezwa na watu hawa. Yeye amepanga sauti toka mwanzo, na mimi nilikuwa nabishana naye kuhusu miguu. Hawa wa TV wa leo nawapenda, Baraka Mpenja akipandisha sauti hata mechi mbovu inapata heshima, ila mtazamaji anamsahihisha palepale. Yule wa redio angeweza kumtoa beki mahali alipokuwa na kumpeleka kwingine, na Mpanda nzima ikamfuata na kokoto zake.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Baba ana mtoto wa jicho, anasubiri kufanyiwa upasuaji, na kwenye simu haoni kitu zaidi ya rangi zinazohama. Nikamwambia ile mbio ya Bayi ya Christchurch ipo, tunaweza kuiangalia. Hakuwahi kuiona. Nikamwekea, akaishika karibu na pua, akanirudishia.

"Huyu anayetangaza ni Mzungu. Zima sauti. Tangaza wewe."

Nina shahada ya uandishi wa habari. Nimewahi kuripoti mechi ya Simba na Yanga nikiwa na njaa. Lakini kutangaza mbio za chini ya dakika nne kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye mkeka sijawahi kuogopa hivyo. Nikaanza. Bayi mbele, Bayi bado mbele, amewaacha, Walker na jezi yake nyeusi anakuja, anakuja, hampati, rekodi ya dunia! Nikanyamaza, natweta.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwangu.

"Jipcho yuko wapi?" akauliza.

"Jipcho wa tatu."

"Hukumtaja hata mara moja. Na mzunguko wa kwanza wote umeniambia Bayi mbele, Bayi mbele. Mbele kwa hatua ngapi? Yuko kwenye kona au amenyooka?" Akavuta mkeka, akajiweka sawa. "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha.