Vidole Vinne

Kijiweni kwetu Kivule kuna kipimo ambacho hakiuzwi dukani. Gari likiegeshwa, mtu huinama na kuchomeka vidole vyake kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Vikienea vinne, hilo ni gari la mzee. Vikienea viwili, la kijana. Kisipopita hata kimoja, watu husimama.

Kwenye gari langu iliingia ngumi nzima.

"Mshikaji, umetuletea gari au trekta?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kiliishia kwenye meno.

Nasema gari langu, ingawa kadi bado ina jina la marehemu baba. Ni Toyota Corolla, lile umbo la AE110 ambalo wengi wenu mnalijua, jeupe, lenye kiti cha dereva kilichobonyea kwa umbo la mgongo wa baba. Alifariki mwaka 2021. Baada ya arobaini mama alinikabidhi ufunguo bila hotuba yoyote. "Lisikae likaoza," alisema, basi.

Nikaamua kulishusha. Swali likabaki moja tu: nilishushe kiasi gani?

Msomaji, kama hujawahi kulifikiri jambo hili utadhani ni urembo, kama kuchagua rangi ya shati. Na mimi nilidhani hivyo. Nilikwenda gereji moja mjini, nikampata fundi kijana mwenzangu. Hata boneti hakuigusa. "Tunakata koili moja na nusu kila upande. Linalala sentimita saba. Tunakata kwa moto wa gesi, nusu saa umeondoka."

Pembeni alikuwepo fundi mzee, amelala chini ya gari la watu. Akaguna. Nilipokuwa natoka akanifuata hadi getini, mikono imejaa grisi.

"Mwanangu, springi imepikwa kiwandani. Ukiichoma kwa gesi unaipika mara ya pili, na chuma kinapoteza ule ugumu wake. Ukilazimika kukata, kata kwa msumeno, taratibu."

Akaokota kijiti, akachora springi mchangani. Hii ina mizunguko sita inayofanya kazi, alisema. Ukitoa mmoja, iliyobaki mitano inakuwa ngumu zaidi kwa moja ya tano. Hapohapo umeipunguzia nafasi ya kucheza. Shokapu iliyozoea kufanya kazi katikati ya urefu wake sasa inaishi karibu na mwisho; shimo dogo tu, inagonga. Tairi nazo zinaanza kulala kwa ndani na kuliwa upande mmoja, kwa hiyo lazima upige alaimenti upya.

"Lakini si litashika kona vizuri?" nikamuuliza, maana hilo ndilo nililokuwa najitetea nalo.

"Ukishusha kidogo, ndiyo. Ukizidisha, ile mikono ya chini inayoshika tairi inapita usawa wake, inaelekea juu. Hapo gari linaweza kulalia ubavu kuliko zamani. Watu wanakimbilia chini kutafuta utulivu, wanaukosa hukohuko chini."

"Sasa baba, nishushe ngapi?"

Akafuta mchoro wake kwa mguu. "Hilo siwezi kukwambia mimi. Nenda kalipime gari lako likiwa na watu wako."

Usiku ule sikulala mapema. Nilisoma habari za vijana wa Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Mexico, ambao baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wakishusha magari yao kwa kuweka mifuko ya mchanga kwenye buti. Kwetu gari hushushwa na magunia ya mkaa, na hakuna anayepiga makofi. Mwaka 1957 jimbo la California lilipitisha sheria kwamba sehemu ya gari isiwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 jamaa mmoja, Ron Aguirre, akafunga haidroliki kwenye Corvette yake. Akiona polisi, gari linapanda. Polisi akipita, linashuka. Nilicheka peke yangu gizani. Yule bwana alikwepa kuchagua. Mimi haidroliki sina. Mimi lazima nichague.

Jumapili nikachukua futi kamba. Gari likiwa tupu, sehemu ya chini kabisa, pale eksozi inapopita katikati, ilikuwa sentimita 15 kutoka ardhini. Nikaenda kupima matuta yetu. Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa yalikuwa matatu, wananchi waliyajenga wenyewe baada ya mtoto kugongwa. La kati ndilo refu: sentimita 10.

Kisha nikawaomba watu wangu wapande. Mama mbele, dada yangu nyuma na wanawe wawili wakubwa, na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi akajikuta ndani ya gari. Mimi nikalala kifudifudi mchangani na futi yangu.

Sentimita 11.

Nikapima tena. Zilikuwa 11. Watu watano walikuwa wamekula sentimita nne, na juu ya lile tuta la kati ilibaki sentimita moja tu. Upana wa kidole changu kidogo.

Hapo nikamwona baba. Nilimwona akiingia kwenye tuta kimshazari, tairi moja kwanza, halafu nyingine, shingo ameinyoosha kama anasikiliza kitu. Siku zote nilidhani ni uzee. Kumbe mzee alikuwa anaijua ile sentimita moja bila futi kamba. Ndani ya gari lile alikuwa amepakia mama mjamzito wa nyumba ya tatu, saa nane usiku, na ndugu zake wawili waliogoma kubaki. Alikuwa amepakia misiba na harusi. Sikumbuki hata siku moja alimwambia mtu ashuke.

Rafiki yangu mmoja mwenye gari lililolala chini kabisa hutwambia tushuke kila tukifika kwenye tuta. Tunashuka, linapita, tunapanda. Tunacheka, ni starehe ya vijana. Lakini nililala pale chini nikajiuliza ningemwambiaje mgonjwa.

Niliandika kwenye daftari: sentimita saba, tano, tatu. Mbele ya kila moja nikaandika idadi ya watu watakaopita bila kushuka. Kwa tano, hata mimi peke yangu tuta lingenigusa. Kwa tatu, ningepita na mama tu, kwa kunusurika. Kila sentimita niliyoitamani ilikuwa karibu sawa na mtu mmoja.

Mama alishuka wa mwisho. Goti lake la kulia halikunji vizuri. Alizungusha miguu nje, akaikanyaga ardhi, akasimama bila kushika kitu.

"Unataka kulifanya nini hili?"

"Kulishusha kidogo, mama."

"Likishuka, mimi nitapandaje?"

Sikuwa na jibu, na sitadai kwamba tamaa iliniisha. Haikuisha. Mimi ni kijana, na gari lililokaa vizuri juu ya tairi zake bado linanigeuza shingo barabarani.

Nilirudi kwa fundi mzee. Tulikata kwa msumeno robo mzunguko kila springi, tukabadilisha shokapu za nyuma zilizokuwa zimekufa, tukapiga alaimenti. Gari likashuka sentimita moja na nusu. Likijaa watu, tuta la kati linanidai milimita chache. Nalilipa kwa kuingia kimshazari, tairi moja kwanza, halafu nyingine.

Kijiweni wakainama kupima. Ngumi ikakwama. Wakachomeka vidole: vinne, vimeenea barabara.

"Aa, mshikaji! Gari la mzee hili!"

"Ndiyo," nikawaambia. "Hata kadi ina jina lake."