Gari na Deni Lake

Gari ni mali ya ajabu katika mali za mwanadamu. Shamba likikosa mkulima huota majani, lakini ardhi yake haipungui. Nyumba ikikosa mpangaji hubaki na kuta zake. Dhahabu iliyofungiwa sandukuni haizeeki. Gari halina subira hiyo. Likienda huchakaa kwa kwenda, na likisimama huchakaa kwa kusimama: betri hufa, mipira hukauka, kutu hutafuta mahali pa kuanzia, na bei yake sokoni hushuka kila mwaka mpya uingiapo, ijapokuwa hakuna aliyeligusa. Ng'ombe aliyekosa malisho hukonda mbele ya macho ya mchungaji. Gari hukonda kwa siri. Basi mtu aliyenunua gari kwa mkopo ana vitu viwili vyenye tabia mbali mbali: mali ipunguayo bila ya kuulizwa, na deni lisilopungua ila kwa kulipwa. Siku za neema hufanya vitu hivyo vionekane kuwa ni kimoja. Siku ya dhiki huvitenga, na mwenyewe hutakiwa kuchagua.

Uchaguzi huo ulimfika dereva mmoja wa Mombasa katika mwaka 2020. Alikuwa mtu wa makamo, mkazi wa Kisauni, mwenye gari la abiria 14 alilolinunua kwa mkopo wa benki ili kuchukua watoto wa shule. Kila asubuhi aliwakusanya watoto mtaa kwa mtaa, akavuka nao Daraja la Nyali mpaka kisiwani, na alasiri akawarudisha kwa mama zao. Kazi ile haikuwa na utajiri, lakini ilikuwa na kitu ambacho kwa mdaiwa ni bora kuliko utajiri, nacho ni utaratibu. Pato lilikuja kwa mwezi, na deni lilidaiwa kwa mwezi. Alikuwa hajapata kuchelewa hata mara moja, na jambo hilo alilitaja kwa fahari ndogo ambayo haikumchukiza mtu. Lilikuwa limebaki deni la shilingi 600,000, na muda wa mwaka mmoja wa kulimaliza.

Katikati ya mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tarehe 27 ya mwezi ule ilianza amri ya kutotoka nje usiku. Magari ya abiria yaliamriwa kupunguza watu, hata gari la watu 14 likawa halichukui zaidi ya 8, na petroli ni ile ile. Tarehe 8 Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Kwa hiyo hata dereva aliyetaka kuacha watoto na kushika abiria wa njiani alikuta mlango huo umefungwa nusu, na nusu iliyobaki wazi imejaa wenzake.

Mlango mmoja ulifunguliwa. Tarehe 18 Machi Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba mkopaji aliyekuwa akilipa vyema mpaka tarehe 2 ya mwezi ule angeweza kuiomba benki yake imrefushie mkopo kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na kwamba gharama za kuupanga mkopo upya zingekuwa juu ya benki. Dereva alikwenda, akasikilizwa, akarefushiwa. Lakini yafaa hesabu yake itazamwe kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake ndimo wengi hupotea. Deni la 600,000 kwa riba ya 13 kwa mia kwa mwaka, ihesabiwayo juu ya deni lililobaki, hulipwa kwa miezi 12 kwa shilingi 53,600 hivi kila mwezi, na riba yote hufika kama 43,000. Likipewa miezi 24, malipo ya mwezi hushuka mpaka 28,500, na riba yote hupanda mpaka karibu 85,000. Mzigo wa mwezi umepungua kwa karibu nusu. Mzigo wa safari nzima umeongezeka. Benki iliibeba gharama ya kuandika mkataba upya, riba haikuibeba.

Hakuna udanganyifu katika jambo hili. Muda ni bidhaa, na auzaye muda huomba bei yake. Kosa huingia pale mnunuzi anapoitazama bei ya mwezi na kuidhani kuwa ndiyo bei ya kitu. Mke wa dereva, aliyekuwa fundi cherehani, hakuwa na elimu ya mabenki, lakini cherehani yake mwenyewe aliinunua kidogo kidogo, na tangu siku aliyoimaliza alikuwa na desturi ya kuuliza swali moja katika kila biashara ya mkopo. "Bwana, usinambie tutalipa ngapi kwa mwezi," alisema. "Nambie tutalipa ngapi mpaka tumalize." Mumewe alijibu kwamba mtu anayezama haulizi bei ya kamba. Jibu lilikuwa zuri, na kwa siku zile lilikuwa na haki. Ila lilisahau kwamba kamba nyingine hufungwa shingoni.

Palikuwa na njia ya kuuza, nayo haikufichika. Mwezi wa Aprili alikuja dalali akataja shilingi 800,000. Dereva aliona ametukanwa. Ami yake, mzee aliyeheshimiwa kwa busara, alimwunga mkono akasema kwamba mkulima hauzi jembe kwa sababu ya kiangazi. Maneno ya wazee hustahili kuchukuliwa, na hustahili pia kupimwa. Jembe lililotundikwa ukutani halidai bima wala betri. Halina mtu mwingine aliyeandikwa katika umiliki wake. Na bei yake haitembei. Kama gari lile lingekuwa limelipiwa lote, neno la ami lingekuwa hukumu iliyokamilika: mtu afiche chombo chake, ale muhogo, angoje mvua. Gari lenye deni ni jembe lililokodiwa, na kodi yake huendelea kiangazi chote.

Hata hivyo kumlaumu dereva kwa kulikataa toleo la Aprili ni kumdai elimu ya mambo yajayo. Mwezi ule hapakuwa na mtu aliyejua kama shule zitafungwa wiki sita au mwaka. Auzaye chombo cha kazi kwa hofu ya wiki sita huweza kurudi sokoni akakuta chombo kama hicho kwa bei asiyoifikia, wala hapana benki itakayomkopesha mtu asiye na kazi wala chombo. Kungoja kulikuwa na thamani, na kila chenye thamani chaweza kununuliwa kwa haki. Swali lilikuwa ni kujua siku ambayo kungoja kutageuka kuwa ghali kuliko kinachongojwa.

Alijaribu pia njia ya tatu. Mwezi wa Juni aling'oa viti, akachukua mboga na viazi kutoka soko la Kongowea. Wengine wengi walikuwa na shauri hilo hilo, na ujira ulishuka mpaka ukalingana na petroli na chakula cha mchana. Baada ya wiki tatu alivirudisha viti mahali pao.

Wako katika Mombasa wanunuao magari kwa murabaha, yaani benki hulinunua gari na kumwuzia mteja kwa bei kubwa zaidi inayojulikana tangu mwanzo. Benki zinazofuata sheria ya Kiislamu zilianza kazi nchini Kenya mwaka 2008. Asili ya mapatano hayo ni kwamba bei iliyokwisha kukubaliwa haiongezeki kwa sababu ya kuchelewa. Kwa mtu wa dhiki hiyo ni nafuu kubwa. Ila nayo huondoa uzito mmoja tu katika mizani, kwa maana gari la murabaha hupata kutu kama gari la riba.

Akiba ya nyumba ililipa Aprili, Mei na Juni. Deni lilishuka mpaka kama 533,000, na sandukuni hapakubaki kitu. Ndipo alipotokea mkopeshaji mwingine, asiye benki, aliye tayari kulilipa deni lote la benki, kukichukua kitabu cha gari, na kumpa dereva shilingi 117,000 mkononi. Mkopo mpya ungekuwa 650,000 kwa miezi 36, na riba yake ni 3 kwa mia. Tatu! Benki ilitaka 13. Mtu aliyechoka huona tofauti ya tarakimu hizo kama ahueni itokayo mbinguni. Lakini 13 ya benki ilikuwa ya mwaka, na 3 hii ilikuwa ya mwezi. Tena haikuhesabiwa juu ya deni lililobaki, bali juu ya mkopo wote wa kwanza hata siku ya mwisho, wakati deni limekwisha kuwa dogo. Riba peke yake ilikuwa 19,500 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ni 702,000, yaani zaidi ya mkopo wenyewe. Malipo ya mwezi yangekuwa 37,500 na kitu, yakizidi yale ya benki. Na zile 117,000 za mkononi, zilizong'aa kuliko vyote, zingetosha kulipia miezi 3 ya mkopo ule ule uliozileta.

Karatasi zile zilikaa mezani siku mbili. Mkewe ndiye aliyefanya hesabu kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya ubao wa meza, akazidisha 19,500 mara 36, akamwachia mumewe asome. Hakusema neno. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa hata harusi haikuonekana.

Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, na shule zitafunguliwa Januari 2021. Siku hiyo hiyo njia za kuingia na kutoka Mombasa zilifunguliwa tena. Wengi waliipokea habari ya shule kwa majonzi, na majonzi yalikuwa ya haki. Kwa dereva habari hiyo ilikuwa pia kipimo, jambo alilolikosa tangu Machi. Sasa kungoja kulikuwa na urefu: malipo 6 ya 28,500, ni shilingi 171,000, zitoke katika nyumba inayoishi kwa cherehani moja na barakoa zinazoshonwa usiku. Malipo mawili yakikosekana, benki ingekuwa na haki ya kulitwaa gari na kulipeleka mnadani, ambako bei haimngojei mdaiwa. Aliyeuza mwenyewe huchagua mnunuzi. Aliyeuziwa huchaguliwa hata siku.

Lililokuwa gumu halikuwa hesabu. Mtaani watoto hawakumjua kwa jina lake. Walimwita kwa gari lake. Gari lilipolala mbele ya nyumba, hata bila ya kazi, lilimsemea mwenyewe kwa wapita njia kwamba hapa anakaa mtu. Jambo hili hudharauliwa na wenye kufundisha matumizi ya fedha, wala si haki kulidharau. Heshima nayo ni mahitaji. Ila yafaa mtu ajue ni kiasi gani anachokilipia mkate na ni kiasi gani anachokilipia jina. Miezi ile mitatu, mkate haukutoka garini.

Gari liliuzwa mwisho wa Julai kwa shilingi 690,000. Mnunuzi alizilipa fedha benki, benki ikakiachilia kitabu, na dereva akaondoka na shilingi 157,000 hivi. Kama angeuza Aprili, angalibaki na 200,000 na akiba yake yote. Tofauti ya yote hiyo ni kama 128,000, ndiyo bei aliyolipa kwa kungoja. Ami yake hakusema naye kwa muda. Fedha nyingine zilinunua cherehani ya pili, nyingine zililipa kodi ya nyumba, na zilizobaki ziliwekwa.

Shule zilifunguliwa kwa watoto wote tarehe 4 Januari 2021. Jirani walisema ameuza mapema. Angalivumilia miezi mitano tu! Hawakusema miezi hiyo ingalilipwa na nani. Yeye alishika kazi ya mshahara katika gari la mtu mwingine, kwa njia ile ile ya Daraja la Nyali. Baadhi ya watoto walikuwa wale wale, wamerefuka. Mmoja alimwuliza gari lao liko wapi. Alimjibu kwamba limeuzwa, akahesabu vichwa vilivyokuwa ndani, akafunga mlango.