JUU YA «DROIT CHEMIN»: MAONI YA WASIKILIZAJI WA KWETU



Tuliposema kwamba tutaandika juu ya albumu ya kwanza ya Fally Ipupa, wengine walituuliza: gazeti la shule ya Kiprotestanti linatafuta nini katika muziki wa dunia? Jibu letu ni fupi. Nyimbo zile tunazisikia kila siku, kwa kinyozi, katika gari, hata nyuma ya ukuta wa kanisa. Kitu ambacho masikio yanasikia tayari, afadhali tukizungumzie waziwazi. Tena tuko na sababu nyingine ya kwetu wenyewe, tutaisema mbele.

Kwanza habari yenyewe. Fally alizaliwa Kinshasa mwaka 1977. Mwaka 1999 aliingia Quartier Latin, orkestra ambayo Koffi Olomide alianzisha 1986, na akapanda mpaka kuwa kiongozi wa wanamuziki chini ya mwenye orkestra. Mwaka 2006 akatoa «Droit Chemin» kwa jina lake peke yake, mtayarishaji akiwa David Monsoh. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Nyimbo zile tulizipata kwa wakubwa wetu, na leo ziko ndani ya telefone za kila mutu.

Basi tulisikiliza pamoja, halafu tukauliza watu, bwenini na nje ya shule.

Juu ya sauti hakuna aliyebisha. Iko juu, nyororo, haichoki. Lakini baba mmoja mwenye kutengeneza radio, ambaye anajua muziki wa Kinshasa kuliko sisi wote, alituambia jambo ambalo hatukuwa tumefikiri. Katika Quartier Latin, alisema, sauti ya Koffi ilikuwa inatembea chini, nzito, karibu kama mutu anayezungumza, na zile sauti za vijana zilikuwa zinapita juu yake. Ndiyo maana zilionekana tamu. Ondoa ile ya chini, na utamu hauna tena fasi ya kusimama. Tulirudi kusikiliza upya «Effrakata» ya 2001, halafu «Droit Chemin». Yule baba ana haki nusu. Ni kweli uzito ule haupo. Lakini katika wimbo kama «Associé» tunaona kijana hakutafuta kuujaza kwa kelele: aliacha gitaa zizungumze polepole, akaimba karibu na sikio la msikilizaji. Katika orkestra kubwa, yenye waimbaji wengi wanaongojea zamu, ile hawezi kuifanya.

Wapenda dansi wako na manunguniko yao: wanataka sebene ndefu na atalaku anayepiga makelele, wanasema nyimbo za mapendo zimezidi. Hawa tunawaacha, juu walikuwa wanacheza wakati wanalalamika.

Neno la mabanga lilileta ubishi mkali kuliko yote. Ni ile desturi ya kutaja majina ya watu wenye feza katikati ya wimbo, nao wanalipa. Wasichana wa mwaka wa tano walisema inaharibu wimbo: uko unalia na mwimbaji, mara anamwita mufanya biashara usiyemujua. Mwalimu mmoja akajibu kwamba hata katika kanisa tunasomaka majina ya waliotoa, na kwa sauti kubwa. Tulicheka, lakini hakuna aliyepata jibu.

Halafu lugha. Karibu zote ni Lingala, na sisi wa Mashariki ni watu wa Kiswahili. Tuligundua kwamba wenzetu wengi wanaimba «Liputa» mwanzo mpaka mwisho bila kujua kwamba neno lile ni kitenge tu. Wengine waliona aibu. Sisi hatuoni aibu, ila tunashangaa mutu anayelaani maneno, au kuyasifu, bila kuyaelewa.

Jina la albumu, ambalo maana yake ni njia nyoofu, liliwasumbua wazee wa kanisa kuliko vijana. Wanasema njia nyembamba ya Matayo 7 si jina la kutia kwa nyimbo za mapendo ya dunia. Kwa maoni yetu, wamesoma haraka. Kijana anayetoka kwa mukubwa wake na kuanza peke yake ana haki ya kujitetea kwamba hakupotea njia.

Ndipo tulifika kwenye swali lenyewe: alikosa kutoka? Wengine wanasema alimkimbia baba yake wa muziki. Lakini muziki wetu ulikuwa hivyo tangu zamani. Tabu Ley na Docteur Nico walitoka African Jazz mwaka 1963, Papa Wemba aliacha Zaïko Langa Langa mwaka 1974. Tofauti ni kwamba hawa walitoka kuunda orkestra nyingine. Fally alitanguliza jina lake mwenyewe, na hiyo ndiyo inachoma watu roho.

Sasa ile sababu yetu. Wote wanajua kwamba mwenzetu mmoja wa kwaya, mwenye sauti ya kwanza, anataka kurekodi nyimbo zake mjini, peke yake. Nusu ya kwaya imemkasirikia. Wanasema sauti ile ilifundishwa katika mazoezi yetu, jioni zote zile, na nyimbo mbili tulizipanga pamoja. Yeye anajibu kwamba maneno aliandika yeye, na hakuna aliyemsaidia kuandika. Wote wawili wanasema kweli. Tulimuuliza anafikiri nini juu ya «Droit Chemin». Akasema wimbo wa kwanza ulimpendeza sana, lakini alipofika katikati ya albumu alitamani kusikia mutu mwingine akimwitikia.

Kwaya itakutana siku ya posho, saa tisa, katika darasa la mwaka wa sita. Atatuimbia nyimbo zile tatu peke yake, bila sisi. Halafu tutaziimba naye.