Santuri na Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina kweli nyingi, lakini soko la santuri la Marekani katika miaka ya 1960 liliikanusha. Huko nyimbo nyingi nzuri zilikosa mnunuzi, na nyimbo hafifu zikavuma kwa kuwa zilitembezwa na wenye fedha. Zile zilizokosa mnunuzi ndizo zinazotafutwa leo kwa taabu na gharama kubwa kuliko zote. Mambo haya mawili, kudharauliwa kwanza na kutukuzwa baadaye, yanastahili kufikiriwa. Maana katikati yake amesimama mtu ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni mwimbaji.

Muziki wenyewe huitwa soul, neno ambalo maana yake ni roho. Uliasisiwa na Wamarekani weusi, ukatokana na ndoa ya nyimbo za kanisani na ngoma za mijini. Berry Gordy alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Motown huko Detroit mwaka 1959, na sauti zake zikaenea ulimwenguni. Hata Dar es Salaam zilifika, na vijana wakacheza soul mpaka Novemba 1969, muziki huo ulipopigwa marufuku mjini humo. Lakini Motown ilikuwa mti mmoja mrefu katika msitu. Chini yake viliota vichaka vingi, yaani kampuni ndogo za miji mbalimbali, nyingine za mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikodi studio kwa saa chache, akalipa kiwanda kimtolee santuri mia chache za inchi 7, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, akazipakia ndani ya gari lake na kupita redio hata redio akiomba wimbo wake upigwe. Redio zilikuwa na lundo la santuri za namna hiyo kila juma. Watangazaji wengine walitaka wapakwe mafuta mikononi kwanza, ijapokuwa sheria ya mwaka 1960 ilikwisha kataza hongo ya siri ya namna ile. Wasambazaji walichukua mali kwa mkopo na kulipa kwa ajizi. Hivyo hata kufaulu kuliweza kuua: wimbo ulipopendwa, mwenye kampuni alitakiwa kukilipa kiwanda kwa maelfu ya santuri mpya kabla ya kupokea senti moja ya zile za kwanza. Kampuni ilikufa, santuri zikatupwa ghalani, na mwimbaji akarudi katika kazi iliyomlisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alitoka mahali pasipotazamiwa. Katika miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza, vijana waliofanya kazi juma zima walikesha wakicheza soul siku za mapumziko. Walikwenda Twisted Wheel ya Manchester, na baada ya hapo Wigan Casino, iliyofungua milango yake kwa mikesha hiyo mwaka 1973 na kuifunga mwaka 1981. Walipenda mwendo wa haraka wa katikati ya miaka ya 1960. Wamarekani wenyewe walikuwa wamekwisha uacha mwendo huo na kushika mwingine mzito zaidi. Basi vijana wa kaskazini walipenda kitu ambacho hakikutengenezwa tena. Kwa kuwa hawakuweza kungoja santuri mpya, iliwapasa kutafuta za zamani ambazo hazijapata kusikika. Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri London, aliupa upendo huo jina la soul ya kaskazini, na jina hilo likadumu. Wapiga santuri wa kumbi hizo walivuka bahari, wakaingia katika maghala ya Marekani, wakafukua vumbi, wakarudi na masanduku.

Katika masanduku hayo ilikuwamo santuri ya Gloria Jones ya mwaka 1965. Wimbo wa "Tainted Love" ulikuwa upande wake wa pili, na kwao haukupata jina. Mpiga santuri Richard Searling aliinunua Marekani mwaka 1973, akaipeleka kumbini, na wachezaji wakaipenda kama kitu kilichotungwa kwa ajili yao. Mwaka 1981 vijana wawili wa Kiingereza waliojiita Soft Cell waliuimba upya, ukashika nafasi ya kwanza katika nchi yao. Kwa desturi ya biashara ile, wimbo unapoimbwa upya malipo ya utunzi humwendea mtunzi, ambaye hapa ni Ed Cobb. Mwimbaji wa kwanza hana fungu katika santuri ya mwimbaji wa pili. Sauti iliyofungua njia ilibaki nje ya mlango.

Upendo huo ulikuwa na dosari nyingine, iliyo mbaya zaidi kwa kuwa ilitendwa kwa makusudi. Mpiga santuri aliyepata wimbo usiokuwa na mwingine alitaka uwe wake peke yake. Kwa hiyo alibandika karatasi juu ya lebo, akaandika jina la uongo, ili wapinzani wake wasijue la kutafuta. Wachezaji waliimba na kushangilia, wakatoka alfajiri wakimsifu mtu ambaye hakuimba neno hata moja.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni ule wa Frank Wilson. Wilson alikuwa mtunzi na msimamizi wa nyimbo katika ofisi ya Motown ya Los Angeles. Mwaka 1965 aliimba mwenyewe "Do I Love You (Indeed I Do)", na nakala za majaribio zikatolewa chini ya lebo ndogo ya kampuni hiyo iliyoitwa Soul. Inasimuliwa kwamba nakala zilikuwa 250, na kwamba Gordy alimtaka achague kati ya kuimba na kusimamia waimbaji wengine. Wilson alichagua kusimamia, na nakala zikaharibiwa. Chache zilinusurika. Katika miaka ya 1970 moja ilifika mikononi mwa mfanyabiashara wa santuri Simon Soussan, na wimbo ukatolewa kwa wizi kwa jina la Eddie Foster, ambaye alikuwa mwimbaji mwingine kabisa. Kwa jina hilo ulitikisa sakafu ya Wigan. Kweli ilipojulikana, Motown iliutoa kwa halali Uingereza mwaka 1979. Mwaka 2009 nakala moja ya asili iliuzwa kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 ilitangazwa kwamba nyingine imeuzwa kwa pauni 100,000. Wilson, aliyeacha muziki wa biashara akawa mhubiri, alifariki mwaka 2012. Fedha za minada ya namna hii hupita kutoka mkono wa mkusanyaji hata mkono wa mkusanyaji, mwimbaji hazimgusi.

Haki inataka utetezi wa mfichaji nao usikilizwe. Husema kwamba bila choyo chake hakuna ambaye angaliuvuka mkono ule wa bahari; kwamba ghala lingalichomwa na santuri ingaliyeyuka; kwamba jina la uongo juu ya wimbo ulio hai ni bora kuliko jina la kweli juu ya wimbo uliokufa. Hoja hii si nyepesi. Ni kweli kwamba wengi wa waokoaji walikuwa wachoyo. Lakini mtu aliyemtoa mtoto mtoni hapati kwa tendo hilo ruhusa ya kumwita kwa jina la ukoo wake mwenyewe. Kuokoa ni sifa moja. Kurudisha ni sifa ya pili, na ya kwanza haikamiliki bila ya pili.

Kazi ya kurudisha jina ni utafiti, na wakusanyaji bora ni watafiti wasiovaa joho la chuo kikuu. Kazi huanza na santuri yenyewe. Kati ya mwisho wa wimbo na lebo pana ukanda laini usiotoa sauti. Hapo pamechorwa herufi na tarakimu ambazo msikilizaji hazitazami, na mtafiti huziinamia kwa kioo cha kukuzia. Pembetatu ndogo yenye tarakimu kando yake, kwa mfano, ni alama ya kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Kwa kuwa tarakimu hizo zilifuatana kwa mpango, santuri isiyo na tarehe hukadiriwa wakati wake kwa kulinganishwa na ile iliyo nayo. Plastiki nayo ni shahidi: viwanda vingine vilitumia vinili, vingine polistireni, ambayo huchakaa upesi chini ya sindano. Juu ya lebo yamo majina ya watunzi, ambayo huweza kutafutwa katika daftari za BMI, jumuiya inayokusanya malipo ya watunzi. Matoleo ya zamani ya Billboard na Cash Box hutoa habari za santuri zilipotoka. Magazeti ya watu weusi, kama Chicago Defender, hutoa matangazo ya dansi. Na vitabu vya simu hutoa anwani. Baada ya hayo yote mtafiti hupiga hodi. Mara nyingine hufunguliwa na mjane. Mara nyingine hufunguliwa na mzee ambaye wajukuu wake hawajapata kuambiwa kwamba babu yao aliimba. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata.

Uzuri wa kazi hiyo huonekana katika mji wa Columbus, Ohio. Bill Moss, mtangazaji wa redio wa mji huo, alianzisha kampuni ya Capsoul mwaka 1970. Ilitoa santuri chache, ikafa baada ya miaka michache, na Moss akageukia utumishi wa umma, akawa mjumbe wa bodi ya shule za mji wake. Mwaka 2004 kampuni changa ya Chicago, Numero Group, ilifanya nyimbo za Capsoul kuwa toleo lake la kwanza. Haikufuata desturi ya kubandika karatasi. Ilipatana na Moss, ikaandika habari za waimbaji na nyakati zao, na wimbo ukarudi sokoni pamoja na jina lake. Moss alifariki mwaka 2005. Alichelewa kulipwa, lakini hakulipwa kaburini.

Sheria yenyewe ilikuwa nzito wa miguu kuliko wapenzi wa nyimbo. Sauti zilizorekodiwa Marekani kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa chini ya sheria ya hakimiliki ya serikali ya taifa. Ziliachiwa sheria za majimbo, moja hivi na nyingine vile. Mwaka 2018 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipozitia chini ya ulinzi mmoja. Kwa karibu nusu karne, basi, waimbaji wale walitegemea zaidi dhamiri ya aliyezishika santuri zao. Wengine waliangukia kwa mwungwana, wengine kwa mwizi, na wengi hawakujua kama waliangukia kwa mtu yeyote.

Santuri ni kitu cha ajabu. Hubeba pumzi ya mtu, na pumzi hiyo huweza kununuliwa, kufungiwa kabatini, na kurithiwa na watoto wa mnunuzi. Haiwezi, hata hivyo, kuwa pumzi ya mtu mwingine. Pauni 100,000 hununua plastiki na karatasi. Haki ya kuimba jambo lile kwa mara ya kwanza haiuzwi mnadani. Mkusanyaji anayelijua hilo huitazama santuri yake kama amana, na amana ina masharti mawili: itunzwe, na itajwe mwenyewe.