Trekta Imezimwa, Lakini Je, Imelala?

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu bado mnangoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nawasimulia kisa cha nyumbani, kisa cha trekta, na kabla hatujaachana mtaona kwa nini mtu wa tarakilishi ameona akiandike hapa.

Kwetu ni Trans Nzoia, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mzee wangu ana trekta ndogo ya nguvu-farasi 30 aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Si kama yale matrekta makubwa ya kulima mashamba ya mahindi. Hii hupita kati ya miparachichi na kugeuka uwanjani bila taabu. Nyuma hufungwa rotaveta, kile kifaa chenye visu vinavyozunguka na kusaga udongo. Mbele ina koleo kubwa la kubebea samadi, nasi sote twaliita baketi.

Pasaka ya 2025 nilikuwa nyumbani. Jumamosi jioni nilimwomba Mzee aniachie nisage kipande cha kupandia sukumawiki, na kazi ikawa safi, najisifu mwenyewe. Mvua ilipoanza nikaikimbiza trekta hadi chini ya mparachichi, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini, nikachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Rotaveta niliiacha juu, kama futi moja na nusu kutoka ardhini, ili visu visikae matopeni vikashika kutu. Nikaingia ndani kunywa chai nikijiona dereva kamili.

Asubuhi watoto wa dada yangu walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi uwanjani. Mpira ukabingirika hadi chini ya rotaveta. Mvulana, mwenye miaka sita, akatambaa kuufuata. Mdogo wake wa miaka minne alikuwa amepanda kitini, anaendesha safari ya Nairobi kwa mdomo huku akisukuma kila kilichosukumika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi. Niliwaona wote wawili, na sikushtuka hata kidogo, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Kikasikika kishindo. Rotaveta ilikuwa chini. Mvulana alikuwa ameketi kwenye tope kando yake, ametoa macho, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Alikuwa ametoka pale chini muda usiotosha hata kuhesabu moja, mbili.

Mama alipiga ukemi majirani wakaja. Mzee hakunigombeza. Alingoja watu watawanyike, akaniita kando ya trekta.

"Uliizima?"

"Niliizima, Baba."

"Sasa imeshukaje?"

Sikuwa na jibu, nami nina digrii ya sayansi ya kompyuta. Mzee, ambaye alianza kazi akiwa turniboi wa trekta za watu, akanieleza.

Ile mikono ya nyuma inayobeba vifaa, yenye ncha tatu za kufungia, asili yake ni kazi ya Harry Ferguson wa Ireland. Iliposambaa kwa wakulima wengi ilikuwa mwaka 1939, kwenye trekta ya Ford aina ya 9N. Mfumo wenyewe ni rahisi. Injini huendesha pampu, pampu husukuma mafuta kwenye silinda, mafuta huinua mikono. Lakini katika trekta nyingi mafuta hayo hufanya kazi ya kuinua peke yake. Kushuka ni kazi ya uzito wa kifaa chenyewe. Ukisukuma liva chini, njia ya mafuta hufunguka na mzigo unateremka, injini iwe inanguruma au iwe imezimwa tangu jana. Na hata asipokuwepo mtoto wa kugusa liva, mpira wa silinda ukichakaa mafuta huvuja polepole usiku kucha. Baketi ya mbele nayo ikiachwa juu hushuka vivyo hivyo.

Kwa hiyo nilichozima mimi ni injini tu. Zaidi ya kilo 200 za chuma zilibaki zikining'inia, zinangoja mtu.

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kikazi. Siwezi hata siku moja kuchomoa waya wa seva wakati hifadhidata inaandika, nikasema nimeizima. Nafunga miunganisho kwanza, naacha kila kilichoanza kimalizike, ndipo nazima. Najua utaratibu huo usingizini. Nilipokalia trekta nikausahau kabisa.

Basi huu ndio utaratibu wa Mzee, nimeuandika kwa namba kama mlivyozoea:

1. Chagua mahali tambarare na pagumu, mbali na njia ya watoto na mifugo. Vuta breki.

2. Ondoa PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta. Ngoja hadi visu visimame kabisa kabla ya kushuka kitini.

3. Shusha kila kitu hadi chini: rotaveta nyuma, baketi mbele. Ukiogopa tope, tanguliza mbao nene uilaze juu yake.

4. Weka gia kama kitabu cha mashine yako kinavyosema. Trekta ya hidrostati haizuiliwi na gia injini ikishazimwa, kwa hiyo breki isikose.

5. Zima injini, kisha sukuma liva zote mbele na nyuma. Presha iliyobaki itatoka. Kitu chochote kikisogea, hujamaliza.

6. Chomoa ufunguo. Kama pana mteremko wowote, weka mawe au vigingi kwenye magurudumu.

Na ukihitaji kuingia chini ya kifaa kuondoa nyasi zilizojiviringa, usitegemee mafuta yakushikilie. Weka vigogo vya mbao imara. Matofali ya simenti yenye matundu yanaweza kupasuka ghafla.

Namba 5 ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu ni jaribio. Nyingine zote unaweza kudhani umezifanya.

Orodha hii sasa imebandikwa juu ya madigadi ya trekta, nimeifunika kwa nailoni. Mzee anasema yeye haihitaji. Ni ya wasomi. Tulipoinua rotaveta siku ile tuliikuta kandambili ya pili imekatwa vipande viwili. Mvulana alinunuliwa nyingine sokoni Kitale. Ile iliyokatika Mzee aliipigilia msumari kwenye nguzo ya banda, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kitini.

Wewe msomaji, kama kwenu kuna trekta, piga simu nyumbani jioni hii uulize kifaa kimelala wapi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye hifadhidata yetu.