Makopo matatu ya mama yangu



Mwezi wa tatu ilifika zamu yangu ya likelemba. Pesa ile nilikuwa nimeipangia mabati ya jikoni. Lakini mama yangu alikuwa amepimwa damu asubuhi kabla ya kula, sukari ikawa 118. Muuguzi alituambia: "Huu si ugonjwa bado, ila uko mlangoni. Ikifika 126, na tukirudia ikawa vilevile, ni ugonjwa wa sukari." Mama yangu mdogo alikufa na ugonjwa huo, baada ya kukatwa mguu. Niliogopa.

Siku hizo akapita mama mmoja anayeuza unga wa majani katika makopo. Alisema ndani mna moringa na antioksidanti, na kwamba anayekunywa hawezi kupata sukari. Mimi ninayefundisha watoto sayansi, sikuuliza swali hata moja. Nilinunua makopo matatu, dolari 45.

Mama alikunywa bila kukosa siku. Na kwa kuwa alijiona amekingwa, aliendelea na chai ya vijiko vinne vya sukari na mlima wa bugali, mboga kidogo pembeni. Hata kutembea shambani aliacha, akawa anapanda pikipiki. Baada ya miezi mitatu: 131. Tulirudia siku nyingine: 129.

Nilitaka kumlaumu muuzaji. Muuguzi akaniuliza: "Mama mwalimu, kopo lilibadilisha nini katika sahani yake?" Nilikosa jibu.

Tangu siku ile nimesoma. Antioksidanti ni vitu vilivyomo katika mboga na matunda, vinavyosaidia kupunguza uharibifu wa chembe za mwili. Ni vitu vizuri. Lakini huko Marekani walijaribu vidonge vya vitamini C, vitamini E na beta-karotini kwa wanawake zaidi ya 8,000, kwa miaka kama tisa. Matokeo yalitolewa 2009: vidonge havikuwakinga na sukari. Jaribio jingine la huko, la 2002, lilichukua watu waliokuwa mlangoni kama mama. Kwa wale waliobadilisha chakula, wakapunguza uzito na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ilipungua kwa asilimia 58.

Na mboga tunazo hapa: lengalenga, sombe, matembele, majani ya maboga. Hata moringa huota vizuri katika joto kama la bonde letu la Ruzizi. Tuipike kama mboga, si kama kinga.

Leo mama anameza dawa aliyopewa na muganga, na hatuiachi kwa ajili ya majani yoyote. Nusu ya sahani yake ni mboga, robo bugali, robo maharage au ndagala. Chai anakunywa bila sukari. Asubuhi anatembea shambani na jirani yake. Mwezi uliopita sukari ilikuwa 114.

Jikoni kwangu kunavuja bado. Mvua ikinyesha nahamisha sufuria, na makopo yale matatu nayatumia kukinga maji. Wamama, muuzaji akija, tupime damu kwanza kabla ya kufungua pochi. Kipimo cha mama kilinigharimu kidogo kuliko kopo moja.