Yangeyange wa Rainham

Kiswahili hakibagui: yule ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe malishoni na yule anayevua kwenye majaruba ya mpunga, wote kwetu ni yangeyange. Waingereza wanawatenganisha. Niliyemfuata mimi Desemba ni huyu wa majini, mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za njano utadhani kakanyaga bizari.

Rainham Marshes ni kinamasi kando ya Mto Thames, mashariki ya London. Zamani wanajeshi walikuwa wakifanya mazoezi ya shabaha hapo, hadi mwaka 2000 chama cha kulinda ndege, RSPB, kilipolinunua eneo. Usitarajie ukimya wa porini. Treni za kwenda Ufaransa zinapita jirani kwa kishindo, na ndege wamezizoea. Aliyekuwa anashtuka ni mimi.

Mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo nilikuwa na saa mbili tu za mwanga, na vidole vyenye ganzi. Bata wenye vichwa vya rangi ya kutu walikuwa wanapiga mluzi majini. Wanatoka Iceland na Urusi kukimbia baridi, yaani kwao hii ndiyo nafuu! Sikuwapiga hata picha moja.

Yangeyange alitokea mferejini. Anatikisa mguu mmoja topeni, kitu kikisogea anadonoa. Weupe wake juu ya tope jeusi unaidanganya kamera: usipopunguza mwanga unapata doa jeupe lisilo na unyoya. Nikapunguza, nikapiga.

"Utotoni kwangu hawa hawakuwepo," akasema mzee mmoja tuliyekaa naye ndani ya banda la kuangalizia. "Wamekuja wenyewe. Hakuna aliyewaleta."

Ni kweli, walianza kulea makinda Uingereza mwaka 1996 tu, kisiwani Brownsea. Lakini sauti yake sikuielewa, kama anasifu au analalamika, na mtu aliyeingia nchi ya watu kwa viza husikiliza maneno kama hayo kwa makini. Nikanyamaza ili amalizie. Hakumalizia. Akafungua chupa ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko.

Nilikuwa na la kumjibu, ila chai ilikuwa ya moto. Karne ya 19 manyoya ya yangeyange yaliuzwa hapo hapo London kupambia kofia za kina mama. Waliuawa msimu wa kutaga, maana ndipo manyoya marefu ya mgongoni yanapoota, na makinda yakabaki kufa njaa. Wanawake waliochukizwa na biashara hiyo, akiwemo Emily Williamson wa Manchester, ndio walioanzisha chama hicho mwaka 1889. Sheria ya kuzuia manyoya kuingizwa nchini ilikuja 1921. Kwa hiyo mji huu ulimvaa kichwani ndege huyu miaka mingi kabla hajaja kuishi hapa.

Saa tisa na nusu kipanga akapita chini chini juu ya matete, bata wote wakaruka kwa mkupuo. Yangeyange naye akaondoka, polepole, shingo kaikunja.

"Umempata?" mzee akauliza.

Nikampa kamera. Akavaa miwani, akaikuza picha mpaka kwenye nyayo, akaitazama muda mrefu.

"Njano kweli," akasema.